Kiti cha Magurudumu Kiacheni Kilipo

Kila kundi jipya la wapiga picha wa hospitali za akili zilizotelekezwa linarudi na picha ileile: kiti cha magurudumu katikati ya korido, mwanasesere juu yake, dirisha likiwaka nyuma. Wadogo zangu, tuongee.

1. Ruhusa. Hospitali ya akili ya Weston, West Virginia, Marekani, iliyofungwa 1994, hupokea wageni kwa tiketi. Anzeni hapo. Ukiruka uzio usiku halafu ukatumbukia chini, hakuna ajuaye pa kukutafuta.

2. Sakafu. Tazama dari kwanza. Lipu ikishaanguka, ubao ulio chini yake umekunywa maji miaka mingi. Mnaambiwa mtembee kando ya ukuta, lakini ukuta upi? Fuateni wa ndani. Ukuta wa nje unaovuja huozesha ncha za boriti zilizopachikwa kwenye matofali, na juu ubao unabaki unaonekana mzima. Mistari ya misumari ndiyo inayoonyesha boriti zilipo. Kanyaga hapo, mmoja mmoja. Zulia na linoleamu msiziamini kabisa.

Sakafu hiyohiyo ndiyo inayowaharibia picha. Kwa ISO 100 (kamera ikihisi mwanga kidogo) na f/8 (tundu la lenzi likiwa limebanwa), wodi yenye giza hutaka lenzi ibaki wazi sekunde 8 au zaidi, na hatua moja ya mwenzako hutikisa ubao uliobeba tripodi. Wekeni kichelewesho cha kamera cha sekunde 10, kisha kila mtu asimame kimya. Pigeni picha 5, zikipishana stopu moja moja (kila stopu ni mwanga mara mbili), la sivyo madirisha yataungua, yaani yatatoka meupe matupu. Weston ilijengwa kwa mpango wa Thomas Kirkbride, daktari wa magonjwa ya akili wa karne ya 19: kila bawa limerudi nyuma ya lililotangulia ili wodi zipate hewa na mwanga. Kwa hiyo someni ramani na njia ya jua kabla ya kufungua begi.

3. Barakoa. Ya kitambaa haisaidii. Vaeni ya mpira yenye vichujio vya P100, vinavyozuia karibu vumbi lote laini, na ndevu zinyolewe, kwani zinapitisha vumbi pembeni. Rangi inayobanduka huwa na madini ya risasi, mabomba ya zamani yamefungwa asbesto, na kinyesi cha njiwa hubeba kuvu wa mapafu. Nguo mlizovaa zivuliwe na kutiwa kwenye mfuko kabla ya kupanda gari.

4. Sasa kile kiti. Hili kosa mmelirithi kwetu, na linauma kulisema. Sisi tuliowatangulia tulisogeza vitanda vifuate mwanga. Tulitoa viatu kabatini tukavipanga dirishani. Tulifungua majalada juu ya meza, jina la mgonjwa likielekea lenzi, kwa sababu jina huifanya picha iume. Tuliita huko kusimulia historia, kumbe tulikuwa tunaifuta. Chumba kikishapangwa upya, hakuna tena awezaye kujua nani aliacha nini wapi.

Hospitali ya akili ya Willard, New York, ilipokuwa inafungwa mwaka 1995, darini yalikutwa masanduku zaidi ya 400 ya wagonjwa. Yalikuwa bado na vitu vya wenyewe ndani: nguo, barua, picha. Yakachukuliwa na jumba la makumbusho la jimbo. Fikirini kama mpiga picha mmoja angetangulia akayamwaga apate fremu nzuri! Mpiga picha Jon Crispin alipoyapiga picha baadaye, majina ya ukoo ya wenyewe yalifichwa. Watu hao waliingizwa humo, wengi bila hiari yao, na ndugu zao bado wapo.

Basi hivi ndivyo mtakavyofanya. Chumba kipigeni kama kilivyo, kuanzia mlangoni, kabla mguu haujaingia. Jalada lililofungwa libaki limefungwa. Jina likiwa ukutani au kitandani, badilisha pembe hadi lisisomeke. Likibaki pichani, lifunikeni kwa weusi mtupu kwenye kompyuta. Ukungu unaowekwa na programu ya kuhariri picha wakati mwingine huacha herufi zinazosomeka. Nakala ya kutuma iwe mpya, bila tabaka za uhariri ambazo mtu anaweza kuziondoa, na mahali pa GPS palipohifadhiwa ndani ya faili pafutwe kabla picha haijatoka kwenye kompyuta.