Nanotyubu hufifisha mwanga, usipoweka nafasi

Mdogo wangu wa Wete, umeuliza kama kompleksi ya yuropiamu (molekuli yenye metali ya yuropiamu katikati), ile inayong'aa nyekundu, itang'aa zaidi ukiipachika kwenye nanotyubu za kaboni, yaani mirija myembamba mno ya kaboni, na pia kama vitu hivi hujipanga vyenyewe. Mara nyingi hufifia. Kompleksi ikiwa karibu mno, nanotyubu huinyang'anya nishati kabla haijatoka kama mwanga. Ndiyo maana watu huweka kitu katikati, ganda la silika au polima, na hapo wekundu hurudi.

Kuhusu nanotyubu kujipanga zenyewe: unazijua nyuzi za usumba zinavyong'ang'aniana zikishatwangwa? Nanotyubu zenye ukuta mmoja ni hivyo hivyo, ila upana wake ni kama nanomita 1 tu, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Zikiwa fungu moja, hata mwanga wa nanotyubu zenyewe huzimika, kwa sababu karibu moja katika kila tatu ina tabia ya metali na humeza nishati ya jirani zake. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walizitenganisha ndani ya maji kwa sabuni na mtikiso wa mawimbi ya sauti, na zikatoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Mimi jambo hili bado linanisisimua, kwani sabuni ilijizungusha kila uzi bila mkono wa mtu.

Kompleksi nazo, ili zishikane na nanotyubu, hupewa mkia wa pairini, molekuli bapa inayojilaza ubavuni mwa nanotyubu na kushika bila kuutoboa. Anza kusoma hapo, kwenye pairini.