Kabla hujaenda kushikwa kichwa

Sisi wa Tanga tukisikia mkandaji tunaijua kazi yake: mafuta ya nazi, dole gumba linazama kwenye msuli mpaka unauma meno. Ukienda kwenye tiba ya kraniosakro, ya kushikwa kichwa na mgongo kwa mguso mwepesi, na matarajio hayo utaona hufanyiwi kitu. Unavua viatu tu, unalala chali na nguo zako. Mtaalamu anaketi upande wa kichwani, anapitisha vidole chini ya kisogo, anatulia. Hasugui, havuti. Walimu wa fani hii hutaja mguso wenye uzito wa gramu 5. Baadaye mkono unahamia chini ya kiuno, juu kidogo ya kitokono, nao unakaa hapohapo kimya.

Mimi nilipelekwa na shingo. Nashona nguo, kutwa nimeinamia cherehani, jioni kisogo kimekaza mpaka kichwa kinagonga. Dada mmoja wa Raskazone alinishika, nikaondoka shingo imelegea, usiku nikalala fofofo. Bado naenda. Ila nisipoinuka kujinyoosha kazini, inakaza tena vilevile.

Maelezo ya tiba hii yapokee kwa tahadhari. Fani hii iliasisiwa na John Upledger, daktari wa Marekani, miaka ya 1970, akiendeleza mawazo ya William Sutherland, tabibu wa viungo aliyemtangulia. Wanasema mifupa ya fuvu huchezacheza, na mkono waweza kusikia mwendo wa maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Watafiti walipowapa wataalamu tofauti mtu yuleyule wahesabu mwendo huo, hesabu hazikulingana. Naamini kinachonisaidia ni utulivu na mkono wa mtu asiye na haraka, na kwangu hilo ni kubwa. Lakini mtaalamu akikwambia anatibu kifafa, au uache dawa za presha, shuka kitandani uondoke.

Aliyegonga kichwa karibuni, tuseme kaanguka na bodaboda, au aliyewahi kuvuja damu kwenye ubongo, asishikwe kabisa. Kichwa kikikupasua ghafla, au kikija na homa na shingo kukakamaa, au ganzi upande mmoja, nenda hospitali, kwetu ni Bombo, saa hiyohiyo. Na mtoto mchanga, utosi bado laini, mama mwenzangu, nakuomba usimpeleke.

Daktari akishakupima akasema ni misuli tu, nenda. Uliza bei na alikosomea kabla hujalala, na ukijisikia vibaya mwambie aondoe mkono.