Seva ya Matetemeko Inayokwama Kila Jioni

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Changamwe. Nimeweka nyumbani kifaa cha kupima mitetemo ya ardhi chenye chaneli nne, na kila chaneli hutuma sampuli 100 kwa sekunde kwa itifaki ya UDP. Zinapokelewa na Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo yenye memori ya gigabaiti 4, ambayo huzihifadhi katika hifadhidata ya SQLite kwenye kadi ya SD, huchora upya mchoro wa siku nzima kila dakika, na hunitumia ujumbe kwenye simu inaposhuku tetemeko. Tangu magharibi hadi saa nne usiku ukurasa wa michoro hauachi kukwama, mchoro wenyewe una mapengo, na amri ya uptime huonyesha mzigo wa 9. Fundi ameniambia ninunue kompyuta kubwa zaidi. Je, nifuate ushauri huo? – Msomaji, Changamwe.

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue chochote kwanza. Chaneli nne ni sampuli 400 kwa sekunde. Hata kila sampuli ikichukua baiti 4, seva yako inapokea baiti 1,600 kwa sekunde, yaani megabaiti 138 hivi kwa siku nzima. Huo ni mzigo mdogo mno kuishinda mashine hiyo, na fundi aliyekimbilia kutaja kompyuta mpya kabla ya kupima chochote amekuwa na haraka kidogo.

Tatizo ni namna data hiyo inavyoandikwa na kusomwa. Mzigo wa 9, yaani wastani wa programu tisa zinazofanya kazi au kusubiri zamu, kwenye kichakataji chenye viini vinne hauna maana kwamba viini vyote vinafanya kazi kupita kiasi, kwa sababu Linux, mfumo unaoiendesha Pi, huhesabu pia programu zilizosimama zikisubiri diski. Ni kama foleni ya Likoni: magari yamejaa hadi barabarani, lakini kinachosubiriwa ni feri. Jioni, seva inapokwama, fungua amri ya top na utazame mstari wa %Cpu. Ikiwa tarakimu iliyo kando ya herufi wa (muda wa kusubiri diski) iko juu huku ile ya us (kazi ya programu zenyewe) ikiwa ndogo, basi kadi ya SD ndiyo inayokuchelewesha, na kuongeza memori hakutakusaidia.

Nashuku programu yako hukamilisha uandikaji (commit) katika hifadhidata kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inapoingia. Vifaa vya aina hii kwa kawaida hutuma pakiti nne kwa sekunde kwa kila chaneli, kwa hiyo kadi inalazimishwa kukamilisha uandikaji mara 16 kila sekunde, usiku na mchana, kazi ambayo kadi za SD huifanya kwa shida na inayozichakaza mapema. Kusanya pakiti katika memori na uziandike kwa pamoja kila baada ya sekunde 10, ili mara 160 za kuandika ziwe moja. Umeme ukikatika utapoteza data ya muda mfupi tu. Iweke pia SQLite katika hali ya WAL, ambayo huandika mabadiliko kwanza katika faili la pembeni, na synchronous iwe NORMAL, ili isisubiri kadi kila inapoandika. Ukiwa na fedha za kutumia, diski ndogo ya SSD kwenye tundu la USB 3 itakufaa kuliko kompyuta nzima.

Mchoro nao una gharama yake. Siku moja ina sampuli 8,640,000 kwa kila chaneli, ilhali skrini ina upana wa pikseli elfu moja au mbili, kwa hiyo kuzisoma zote upya kila dakika ni kazi ya bure. Hifadhi katika jedwali la pembeni thamani ya chini na ya juu ya kila sekunde, kisha chora kutoka huko. Hakikisha safu ya muda ina faharasa (index): ukitanguliza EXPLAIN QUERY PLAN mbele ya swali lako la SQL na jibu likaanza na SCAN badala ya SEARCH, hifadhidata inapekua jedwali lote.

Kwa nini jioni? Hapo ningelaumu malori. Ikiwa programu yako hulinganisha wastani wa mitetemo wa muda mfupi na ule wa muda mrefu, kila lori zito linalopita karibu na nyumba yako linaweza kuonekana kama tetemeko, na kila tahadhari ya uongo huamsha usomaji mwingine wa data, mchoro mwingine na ujumbe mwingine. Linganisha saa za tahadhari na magari barabarani. Mtikisiko wa lori hupanda na kushuka upesi, lakini tetemeko la umbali wa kilomita 300 hivi huleta kwanza mawimbi ya P, yaendayo kasi, na yale ya S, ya polepole zaidi, hufuata baada ya zaidi ya nusu dakika. Pandisha kizingiti cha tahadhari, refusha kidogo wastani wa muda mfupi, na uzuie tahadhari ya pili isitoke ndani ya dakika moja au mbili. Usihofu kukosa tetemeko kubwa: lile la Agosti 12, 2020, lililotokea baharini karibu na pwani ya Tanzania likiwa na ukubwa wa takriban 6, lilihisiwa na watu wa Mombasa waliokuwa wameketi majumbani, sembuse kifaa.

Kuhusu mapengo, UDP hairudii pakiti iliyopotea. Endesha netstat -su mara mbili kwa kupishana dakika chache. Idadi ya receive buffer errors, yaani pakiti zilizotupwa kwa kutosomwa kwa wakati, ikiongezeka, pakiti zimefika lakini programu ilikuwa ikisubiri kadi, na marekebisho ya hapo juu yatatosha. Isipoongezeka, zinapotea njiani. Achana na Wi-Fi na uvute waya.

Pima joto pia kwa vcgencmd measure_temp, kwani Pi 4 hupunguza kasi inapofikia nyuzi 80, na kasha lililofungwa halikawii kufika huko katika joto letu la Februari. Amri ya vcgencmd get_throttled ikijibu tofauti na 0x0 (maana yake hakuna tatizo), angalia feni na chaja, ambayo inapaswa kutoa ampea 3.

Ukishafanya hayo yote, na tarakimu ya wa ikawa karibu na sifuri huku mzigo ukibaki juu ya 4, hamishia kazi ya kuchora kwenye kompyuta nyingine, hata ikiwa ni kuukuu, na uiachie Pi kazi ya kupokea na kuhifadhi.