Rangi Isubiri, Anza na Flipa

Wadogo zangu mnaokuja karakana hapa Ngamiani, Tanga, kuuliza namna ya kuunda pinboli, ile meza iliyoinama ya kupiga gololi ya chuma, nawaomba msianze na rangi. Mimi nilianza nayo. Nilikuwa naiga Kingpin, pinboli ya kampuni ya Capcom, ya mwaka 1996. Zilitengenezwa chache mno kabla kampuni haijaacha kabisa pinboli. Nikakesha nachora, nikapaka vanishi hadi ubao ukang'aa. Kufunga flipa, vile vikono vya kupigia gololi, gololi haipandi hata nusu ya daraja, ile njia yake ya mwinuko. Nikautoboa ubao upya, na michoro ikaenda na vumbi la keekee.

Mashine adimu hupati ramani yake, unabaki na picha. Hapo gololi ndiyo rula: kipenyo chake ni milimita 27, uzito gramu 80 hivi. Kilicho jirani nayo pichani kipime kwa hiyo. Lakini nguzo ya juu usiipime kwa gololi iliyo chini, maana kilicho mbali na kamera husinyaa. Mashimo yangu mengi yalikosewa hivyo.

Ukishapata vipimo, chukua plaiwudi ya hovyo, iinamishe digrii 6.5, funga flipa mbili, ucheze. Wiki nzima, ikibidi.

Flipa ndiyo yenye ugomvi. Koili yake ya kizamani, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku ukipitisha umeme, ina nyaya mbili: nene ya kuvuta kwa nguvu, na nyembamba ya kushikilia. Flipa ikifika juu, kiswichi hufunguka na kuikata ile nene. Kisipofunguka, na mchezaji kang'ang'ania kitufe, utanusa moshi kabla hujauona. Kikiota kutu kisigusane vizuri, flipa inalegea, na upepo wetu wa bahari hauchelewi kwa kutu.

Dayodi nayo, kile kidude cha kupitisha umeme upande mmoja tu, usiisahau kwenye koili; upande wenye mstari uelekee chanya. Koili ikikatiwa umeme hurudisha teke, na teke hilo limeniulia transista nne kwa uvivu wa kulehemu kitu cha bei ya andazi. Fyuzi ikikatika, weka ya kipimo kilekile. Karatasi ya sigara hapana, hata kama fundi redio wako huapa kwayo.

Wapimaji wangu ni watoto wa mtaani. Wakianza kuachia zamu zao kirahisi, najua flipa imelegea; nachukua msasa laini, naenda kusugua kiswichi.