Kodi imelipwa hadi Juni, mpangaji amefariki Februari

SUALI: Assalaam aleykum. Kaka yetu amefariki tarehe 20 Februari katika nyumba ya kupanga, Mpendae, Unguja. Alikuwa amelipa kodi ya miezi sita, Januari hadi Juni, shilingi 250,000 kwa mwezi, pamoja na dhamana ya mwezi mmoja. Wifi yetu yumo ndani anakaa eda. Siku ya khitma mwenye nyumba alituambia mkataba umekufa na aliyeuandika, tuhamishe vyombo mwisho wa mwezi. Mdogo wetu naye anataka arejeshewe kodi iliyobaki mkononi mwake. Sisi wengine tuko Wete, Pemba. Tuanzie wapi?

JAWABU: Waaleykum salaam dada, na poleni kwa msiba.

Mwenye nyumba hakusema kweli. Mkataba wa muda maalumu hauvunjiki kwa kufa mpangaji, ila kama wenyewe umeandika hivyo. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, ijara (mkataba wa kukodisha) inaendelea mpaka muda wake uishe, na manufaa yaliyobaki ni ya warithi. Basi utafuteni mkataba na muusome kipengele kwa kipengele, hasa kinachohusu kuvunja kabla ya muda. Usipoonekana, risiti ya kodi ya miezi sita inatosha kuanzia mazungumzo.

Wifi yenu asihame. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi kwa mwezi mwandamo, kwa hiyo haifiki siku 130. Huja kama siku 128. Tangu 20 Februari itaangukia tarehe 28 Juni, siku moja mbele au nyuma, na kodi inaishia 30 Juni. Imetosha kwa uchache sana. Lakini kama ni mjamzito, eda yake ni mpaka ajifungue, na hapo Juni inaweza kupita. Jueni mapema: mwenye nyumba halazimiki kumkalisha bure baada ya muda uliolipwa. Kauli yenye nguvu kwa Shafi ni kuwa makaazi ya eda hutolewa katika mali ya marehemu, kwa hiyo mwezi wa saba mutaulipa kutoka huko kabla ya kugawana, si mjane autoe mfukoni mwake.

Sasa nani aseme na mwenye nyumba? Hapa ndipo familia nyingi zinapoharibu: anasema kaka, anasema mjomba, anasema shemeji, na mwenye nyumba anamchagua anayemfaa. Mwakilishi awe mmoja. Chukueni cheti cha kifo kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar (kwa karatasi ya hospitali, au ya sheha, kiongozi wa shehia, kama amefia nyumbani), kisha barua ya sheha wa shehia aliyokuwa akiishi, yenye majina ya warithi wote. Kwa karatasi hizo mutafungua shauri la mirathi Mahakama ya Kadhi au mutakwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo ina ofisi Unguja na Pemba. Msifuate ushauri wa jamaa wa Dar es Salaam anayewaambia muende Mahakama ya Mwanzo. Mirathi ya Zanzibar ina njia yake.

Msingoje mpaka hayo yamalizike ndipo mumjibu mwenye nyumba. Wiki hii hii mpeni barua fupi, nakala kwa sheha, na aliyeipokea atie saini katika nakala yenu:

“Mpangaji wako amefariki tarehe 20 Februari. Kodi imelipwa hadi 30 Juni na mkataba unaendelea. Mjane wake anakaa humo. Mambo yote ya nyumba tafadhali zungumza na fulani, simu namba fulani. Fedha yoyote ya marehemu usimpe mtu mwengine bila ya maandishi ya warithi.”

Sentensi ya mwisho inamhusu mdogo wenu. Kodi inayorejeshwa si ya aliyeifuata. Inaingia katika mali ya marehemu. Humo hutoka gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachosalia ndicho mirathi. Mjane ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa marehemu kaacha watoto, na robo ikiwa hakuacha.

Tena, kurejeshewa kodi si haki ya moja kwa moja. Kama mkataba haukuruhusu kuvunja, hayo ni makubaliano. Tuseme eda ingekuwa haipo na nyumba ingerudishwa 31 Machi: imebaki miezi mitatu, 750,000. Mwenye nyumba akitaka mwezi mmoja wa kutafuta mpangaji, atarejesha 500,000. Bei hiyo ni ya haki, na sisi tungeipokea. Dhamana ni hesabu nyengine: akikata, aonyeshe kilichoharibika na bei yake. Rangi iliyopauka kwa kukaliwa haikatwi.

Vyombo viorodhesheni kabla ya kutoka hata kijiko, mbele ya mashahidi wawili na mjane mwenyewe, chumba kwa chumba. Andikeni kinachotambulika: “friji la mlango mmoja, mpini umevunjika, la marehemu”, “kabati la milango mitatu, la mke, limenunuliwa kwa mahari.” Safu hiyo ya mwisho, ya nani mwenyewe, ndiyo inayozuia ugomvi. Cherehani ya mjane, dhahabu yake na vyombo alivyokuja navyo si mirathi. Mkoba wa karatasi ufungwe peke yake. Simu ya marehemu msiizime wala msitumie namba yake ya siri kutoa fedha. Fedha hizo nazo ni za warithi wote.

Siku ya kutoa ufunguo, piga picha mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla: uniti zilizomo zinabaki na mita, hazihamishiki, kwa hiyo mwezi wa mwisho nunueni kidogo kidogo. Lipeni maji, na ufunguo utolewe kwa maandishi yenye tarehe. Usitolewe kabla ya fedha kukubaliwa.

SUALI: Nina chumba Kiembesamaki. Mpangaji wangu, kijana kutoka Bara, amefia hospitali. Ana deni la miezi miwili, 160,000. Mlango una kufuli na jamaa zake siwajui. Naweza kuvunja nichukue tivii?

JAWABU: Kufuli likatwe, bwana, lakini si na wewe peke yako. Mwite sheha, na kwa kuwa jamaa hawajulikani, mwite polisi pia. Ndani toeni chakula kinachooza, fungeni mtungi wa gesi, andikeni orodha, watie saini wote waliopo. Tieni kufuli jipya na ufunguo ukae kwa sheha katika bahasha iliyotiwa saini. Tivii iache. Deni lako ni halali na linatangulia warithi, lakini unaliandika ukalidai, hujilipi. Ukiiuza kwa 100,000, jamaa watakuja na risiti ya 400,000, na wewe ndiye utakayeulizwa. Jamaa nao hawalipi zaidi ya alichoacha, ila yule aliyetia saini kuwa mdhamini.

SUALI: Baba amepanga nyumba ya wakfu Mji Mkongwe tangu tukiwa wadogo. Amefariki. Tunairithi?

JAWABU: Hapana. Wakfu hauingii katika mirathi ya mpangaji, hata akikaa miaka 40, na kilemba, yaani fedha alizompa mpangaji wa kabla yake ili amuachie nyumba, hakiigeuzi kuwa yake. Mnachoweza kuomba ni mkataba mpya. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana na cheti cha kifo, risiti ya mwisho na barua ya sheha, na muombe kwa jina la mmoja wenu anayeishi humo kweli. Msiendelee kulipa kwa jina la baba kimya kimya: siku ikijulikana, mtakuwa watu msio na mkataba. Na ule ukuta wa tofali alioujenga sebuleni, kama hakuwa na ruhusa ya maandishi, usiudai fidia. Huenda mukaambiwa muuvunje.