Usimruke Daktari wa Capaldi

Dada wa Nakuru ameuliza hivi: amemaliza Doctor Who ya Matt Smith (tamthilia ya TV ya Uingereza kuhusu Daktari, msafiri wa nyakati anayebadilika sura kila mwigizaji mpya anapoingia), ameingia ya Peter Capaldi, ametazama vipindi vitatu na ameishia kukasirika. Mzee ana kiburi, hataki kukumbatiwa, askari anakufa mbele yake na yeye hata pole hasemi. Mashabiki wanampendea nini hasa? Na je, aruke tu hadi kwa Jodie Whittaker, anayemfuata Capaldi?

Usiruke. Vile vipindi vya mwanzo vimeandikwa ili ukasirike. Ukiacha hapo unakuwa kama mtu aliyetoka barazani kwa chifu mlalamikaji akishamaliza kusema, mlalamikiwa bado hajafungua kinywa.

Kwanza hakikisha una msimu sahihi, maana hapa ndipo wengi hupotea. Hesabu ya misimu ya Doctor Who ilianza 1963, ikaanza upya 2005, ikaanza upya tena 2024. Kwa hiyo kuna "msimu wa kwanza" mara tatu. Msimu wa 8 wa zamani ni wa 1971, wa Jon Pertwee. Wa Capaldi ni ule wa 8 wa 2014, kisha wa 9 wa 2015 na wa 10 wa 2017. Angalia mwaka, usiangalie namba. Kila msimu una vipindi 12, na juu yake kuna vipindi vinne vya Krismasi, jumla 40. Hivyo vya Krismasi mara nyingi huwekwa peke yake chini ya orodha, mtu anavikosa kisha anashangaa mbona River Song, mke wa Daktari, ameagwa bila yeye kuona.

Sasa huyo mzee. Kwenye vibanda vya video kila mtoto anajua sheria moja: steringi hafi. Doctor Who iliizunguka sheria hiyo mwaka 1966, William Hartnell alipoondoka: Daktari akaanguka sakafuni, akainuka na sura ya Patrick Troughton. Tangu hapo kila anayeingia hupimwa na yule aliyetoka, na Capaldi alipewa kumfuata kijana ambaye kila mtu alitaka awe rafiki yake. Waandishi wangeweza kuulainisha mpito huo. Wao wakaufanya kuwa mgumu makusudi: katika Deep Breath, kipindi chake cha kwanza kamili, anamwacha Clara, msafiri mwenzake, chini ya ardhi katikati ya maroboti yanayochuna watu, na mwishoni adui anakutwa amechomwa na ncha ya mnara wa Big Ben bila sisi kuonyeshwa kama aliruka au alisukumwa. Swali hilo halijibiwi popote, nawe usilitafutie jibu.

Wanaosema "Daktari hajawahi kuwa hivi" hawajatazama za kale. Katika hadithi ya kwanza kabisa ya 1963, Hartnell anaokota jiwe karibu na mtu wa pangoni aliyejeruhiwa, na mwalimu Ian ndiye anayemshika mkono. Sylvester McCoy mwaka 1988 alimtega Davros, adui aliyewaunda Dalek, mpaka akailipua sayari yake mwenyewe. Giza lilikuwepo muda wote. Tofauti iko katika namna ya kulipika.

Na kuna walioliunguza. Colin Baker aliingia 1984 na hadithi ya The Twin Dilemma, na katika sehemu ya kwanza tu anamkaba koo Peri, msafiri mwenzake. Wazo lilikuwa ni kuanza na mtu asiyependeka kisha kumfungua polepole. Makosa yalikuwa mawili. Hadithi hiyo iliwekwa mwisho wa msimu, Machi, na iliyofuata ikaja Januari 1985, kwa hiyo watazamaji walikaa zaidi ya miezi tisa na picha ya mtu anayekaba msichana. Pili, hakuna aliyemdai maelezo. Peri alikasirika kidogo, safari ikaendelea. Ukali usiodaiwa na mtu humchosha mtazamaji haraka kuliko ubaya wenyewe. Colin Baker mwenyewe ni mwigizaji mzuri, na aliokolewa baadaye na michezo ya sauti ya kampuni ya Big Finish, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.

Capaldi anadaiwa. Hiyo ndiyo siri yote. Kila anapokuwa mkatili kuna mtu anamsimamisha na kumwuliza, na majibu yanabadilika kadiri misimu inavyosonga. Swali lenyewe analiuliza mapema, katika kipindi cha pili, Into the Dalek: mimi ni mtu mwema? Clara anasema hajui. Askari Ross anayekuudhi yumo humo humo. Daktari anamrushia kidonge akimeze, Ross anadhani ameokolewa, kumbe ni alama ya kufuatia mabaki yake yanakokwenda, ili wengine wapate njia ya kutoka. Tazama tena eneo hilo na usimtazame Ross, mtazame Daktari: anajua huyu haponi, na sekunde zile anazitumia kuokoa waliobaki. Ni hesabu. Ni ya kutisha, lakini ni hesabu.

Kipindi kinachoifungua hesabu hiyo vizuri zaidi ni cha nane, Mummy on the Orient Express. Ukitaka kipindi kimoja tu cha kukuonyesha mashabiki wanapenda nini, ni hiki. Kuna maiti iliyofungwa vitambaa, haionwi na mtu ila yule anayekaribia kufa, na akishaiona ana sekunde 66. Saa inahesabu kwenye kona ya skrini. Mtu anapiga kelele, na Daktari badala ya kumshika mkono anamwambia: eleza unachoona, inatembeaje, ina nini mwilini. Wa kwanza anaonekana kama ametumiwa vibaya. Kufikia wa tatu unagundua kila maelezo yamebaki kwenye hesabu na yanapunguza idadi ya watakaofuata. Kisha zamu inapomfikia abiria Maisie, Daktari anajichukulia majonzi yake yote kichwani ili jini limwone yeye, na zile sekunde 66 zinaanza upya kwa hesabu yake mwenyewe. Mwishoni, ufukweni, Clara anamwuliza kama alikuwa anajifanya tu hana moyo. Anajibu bila kupepesa kwamba Maisie angekufa angeendelea na anayefuata, na anayefuata, mpaka alishinde. Kila kijiji kina mzee wa namna hii: usiku wa matanga amegombana na kila mtu kuhusu kuni na maji, wapishi wamemnunia, lakini saa tisa za usiku wengine wote wamelala na yeye bado anachochea moto.

Kabla ya hapo kuna Kill the Moon, na wengi watakushauri ukiruke kwa sababu sayansi yake ni mbovu. Ni mbovu kweli. Mwezi unakuwa yai, na yai hilo linaongezeka uzito likikaribia kuanguliwa. Mfugaji yeyote wa kuku atakuambia yai chini ya tetea hupungua, kwa takriban asilimia 12, kwa sababu maji yanatoka kupitia ganda. Lakini usikiruke. Dakika tano za mwisho ndizo deni la kwanza kubwa: Daktari amewaachia Clara na wenzake uamuzi kuhusu dunia nzima, akaondoka, na aliporudi anadhani amewapa heshima. Clara anamwambia alichofanya, kwa machozi na kwa matusi ya kistaarabu, kisha anafunga mlango. Uso wa Capaldi pale ni wa mtu ambaye kwa mara ya kwanza haelewi kosa lake liko wapi. Ukikosa hilo, Mummy inakuwa hadithi ya jini tu.

Deni linalipwa katika Dark Water. Danny Pink, mpenzi wa Clara, amegongwa na gari akafa. Clara anamtishia Daktari kwa kutupa funguo za TARDIS, chombo chake cha safari, kwenye volkano, moja moja, zote saba. Baada ya usaliti huo anangoja kufukuzwa. Jibu la Daktari, kwa maneno mengine, ni kwamba anamjali kiasi kwamba kusalitiwa hakubadilishi kitu, na sasa waende wakamtafute Danny. Anasema bila kulainisha sauti, karibu kama anakemea. Hapo ndipo watu wengi waliokuwa wanamchukia hugeuka.

Msimu wa 9 ni mwepesi kidogo: gitaa la umeme, miwani ya jua, na kadi ambazo Clara amemwandikia maneno ya kutoa pole maana hayajui. Kadi hizo zinachekesha, lakini kumbuka Ross: mwaka mmoja nyuma hata kadi hakuitaka. Katika The Girl Who Died anatambua kwa nini alichukua sura hii. Capaldi aliwahi kuigiza baba wa familia iliyookolewa Pompeii mwaka 2008, na waandishi badala ya kulificha hilo wakalifanya sababu: sura ni ukumbusho kwamba kazi yake ni kuokoa, hata akiokoa mmoja. Swali la mtu mwema linapata jibu la nusu hapo. The Zygon Invasion na The Zygon Inversion ni kimoja kilichokatwa mara mbili, vitazame jioni moja.

Kosa linalofanywa zaidi na wageni ni kuanza na Heaven Sent kwa sababu kila mtu anakisifu. Usifanye hivyo. Kitangulie Face the Raven, la sivyo utaona mzee anakimbia kwenye ngome na hutajua anaomboleza nani. Ngome ina kiumbe kinachomfuata polepole, hakikimbii, hakichoki. Akikipeleka mwisho mmoja wa jengo na kukimbilia mwingine anapata dakika 82 kwa wingi: kula, kulala, kufikiri. Angalia nguo zilizokauka mbele ya moto anapotoka majini, na usijiulize sana kwa sasa ni za nani. Angalia mafuvu chini ya maji. Chumba namba 12 kina ukuta unene futi 20, wa madini magumu mara 400 kuliko almasi, naye anaupiga kwa ngumi. Sitasema zaidi ila hili: ukisikia muziki wa Murray Gold unapanda na hesabu ya miaka inaanza kuruka kutoka maelfu kwenda mamilioni, usiguse rimoti. Karibu saa nzima ni mwigizaji mmoja, na huchoki.

Msimu wa 10 watu huuharakisha, na wanakosa Thin Ice. Mtoto wa mitaani anazama chini ya barafu ya mto Thames mwaka 1814, Daktari anawahi kuokoa bisibisi yake ya sauti, kifaa chake cha kila kazi, si mtoto. Bill, msafiri mpya, anamwuliza ameua wangapi. Linganisha anavyojibu hapo na alivyokuwa kwa Ross: safari hii anakaa kwenye swali. Kisha nenda World Enough and Time na The Doctor Falls. Meli ina urefu wa maili 400, takriban kilomita 640, yaani kama barabara ya Mombasa hadi Nakuru, na upande mmoja uko karibu na shimo jeusi. Uvutano ukizidi, saa huenda polepole. Hiyo ni fizikia ya kweli, ingawa hapa imekuzwa. Juu Daktari anaeleza mambo kwa dakika chache kwenye ubao. Chini Bill amemngoja miaka kumi. Ndiyo adhabu kali kuliko zote kwa mtu ambaye maisha yake yote amepiga hesabu vizuri: safari hii hesabu ni sahihi, ila alikaa kuieleza.

Mambo madogo ya utazamaji. Capaldi ni wa Glasgow na huongea haraka. Washa maandishi ya Kiingereza, na utumie spika za masikioni kama spika za laptopu yako ni zile nyembamba, kwa sababu muziki hufunika mazungumzo. Vingi ni dakika 45 hivi, viwili kwa jioni vinatosha. Deep Breath pekee ni saa moja na robo, kwa hiyo usikianze stima ikiwa inacheza.

Na kwa wale wa Kisumu walioulizia vazi la Daktari huyu: koti la bluu iliyokolea linalofika juu kidogo ya magoti, bitana nyekundu, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu, bila tai, buti nyeusi. Usishonee jipya. Jumapili pale Kibuye makoti marefu ya mitumba yapo, tafuta la mabega yaliyonyooka, kisha fundi abadilishe bitana. Mita mbili na nusu za satini nyekundu zinatosha koti la mtu mzima. Mwambie aache nafasi kidogo chini, bitana ikivutwa sana pindo la koti hujikunja na ule mtindo wa kulifungua ili nyekundu ionekane hautoki.

Twice Upon a Time, ya Krismasi 2017, itazame siku tofauti na The Doctor Falls. Whittaker anatokea mwisho kabisa, kwa hiyo usizime Capaldi akishasema kwaheri.