Mwanangu, takwimu anafundisha nani?

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, unanijua. Unauliza kama walimu wanne wanatosha kuendesha diploma ya saikolojia, maana chuo hicho cha Kisumu kina watatu na sasa wamekuita uwe wa nne. Wanatosha. Lakini swali la kuwauliza ni hili: takwimu anafundisha nani?

Kwanza hesabu yako. Umeandika madarasa mawili, yuniti sita kila darasa, saa tatu kwa wiki kila yuniti. Ni saa 36, gawanya kwa wanne, kila mtu saa 9. Iko sawa, na uongozi wa chuo chochote huishia hapo, kisha wanashangaa kwa nini walimu wamechoka. Wanafunzi 40 wa mwaka wa pili wanakwenda mazoezi ya nyanjani. Kila mmoja atembelewe mara mbili, hizo ni ziara 80, na 20 ni zako. Walio pale hospitali ya Russia na Kondele utawamaliza asubuhi moja. Wa Ahero na wa Bondo usiwaweke siku moja hata kidogo. Njia zao zinapeana mgongo, na ukifika utaambiwa msimamizi ameenda mkutanoni. Wewe weka siku 12. Halafu kuna mitihani: karatasi 40 kwa dakika 20 kila moja ni saa 13 na ushei, nawe una yuniti tatu. Siku hizo 12 na saa hizo 40 huangukia wiki zilezile za mwisho wa muhula, na hapo ndipo idara ndogo hupasuka. Gawaneni wanafunzi kwa barabara, si kwa orodha ya majina: mmoja ashike njia ya Busia, mwingine njia ya Ahero. Ziara ya kwanza iwe wiki ya tatu, kabla mwanafunzi hajazoea kosa lake. Mkingoja wiki ya sita mtakuta amejaza daftari zima la vikao kwa namna isiyofaa, na kulirudia hakuna muda.

Sasa takwimu. Nimelisema miaka yote na nitalirudia: idara ya saikolojia hupimwa kwa anayefundisha takwimu. Kila mtu anataka Freud. Kila mtu anataka ushauri nasaha. Takwimu husukumiwa aliyeajiriwa juzi, au huazimwa mwalimu wa hisabati, naye huja na mifano ya magunia ya mahindi kwa ekari. Mwanafunzi hupita mtihani vizuri tu. Mwaka unaofuata anakuja na dodoso 30 za mradi wake na kukuuliza, "Mwalimu, hizi sasa nizifanyeje?" Alipaswa kujua kabla ya kuchapisha dodoso ya kwanza.

Unamkumbuka yule mwalimu wa muda aliyekuja kwetu Migosi na mfuko wa gilasi, nawe ukadhani anauza juisi? Alifundisha takwimu kwa maji. Gilasi mbili zinazofanana, maji yanafika mstari mmoja, mtoto anakubali kwamba ni sawa. Kisha unamimina ya moja katika gilasi nyembamba ndefu na kuuliza wapi maji ni mengi; anayesema ile ndefu amekosea. Ni jaribio la Piaget, mwanasaikolojia wa makuzi ya mtoto, kila kitabu kinalo. Lakini yeye aliwagawa watoto 24 wa chekechea mafungu mawili. Kumi na wawili waliulizwa kabla ya kumimina na baada, kama Piaget alivyofanya. Kumi na wawili waliulizwa baada tu. Watafiti Rose na Blank walilionyesha hilo mwaka 1974: ukiuliza mara moja, wanaokosea hupungua. Wanafunzi wetu hawakuhitaji kuelezwa sababu. Mtoto wa kwetu akiulizwa na mtu mzima swali lilelile mara ya pili, anajua kwamba jibu la kwanza limekataliwa.

Waliokosea jumla walikuwa 8. Darasa zima likakimbilia kai-skwea, jaribio la kupima kama tofauti ya mafungu ni ya bahati tu. Akawaacha. Kisha akawaambia wapige hesabu ya matarajio ya kisanduku kimoja cha jedwali, yaani wangekosea wangapi katika fungu moja kama mafungu hayatofautiani: 12 mara 8, gawanya kwa 24. Nne. Ni chini ya tano, kwa hiyo kai-skwea haiaminiki hapo. Tumia jaribio la Fisher, la idadi ndogo. Hakuna aliyelisahau, kwa sababu wale wanane waliwaona kwa macho, wakiwa na makamasi na sweta za shule.

Fomu yake ya malipo ilikaa kwenye trei ya mkuu wa idara siku tisa. Unajua mkuu wa idara alikuwa nani. Uongozi ulichelewesha malipo mihula miwili, kwa hiyo siku tisa zangu hazikubadilisha chochote. Ndivyo ninavyojiambia. Lakini aliiona pale fomu yake, mwanangu, chini ya kikombe changu cha chai, na muhula uliofuata hakurudi. Tukarudi kwenye magunia ya mahindi.

Wakikupa makuzi ya mtoto, pokea haraka. Upande huu wa nchi ni maktaba. Kule Kokwet, kwa Wakipsigis, mtafiti Super alionyesha mwaka 1976 kwamba watoto hukaa na kutembea mapema kwa sababu mama zao huwafundisha, ila katika kutambaa, ambako hakuna anayewafundisha, hawatangulii. Lipeleke hilo darasani kabla ya jedwali lolote la Marekani.

Jambo jingine, kwa kuwa najua una huruma. Mwanafunzi unayemsahihishia karatasi usiwe mshauri wake. Katika idara ya watu wanne atakujia tu, mlango ni mmoja. Msikilize siku hiyo, kisha mpeleke kwa mshauri wa nje mliyekubaliana naye mwanzoni mwa muhula, aliyesajiliwa kama sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014 inavyotaka. Mkingoja hadi aje analia ndipo mtafute, mtakosa.

Niende au nisiende, ndilo lililo chini ya swali lako. Baba yako amenikataza kukujibu, anasema nikianza kuamua sitaacha. Basi. Waombe ratiba za mihula miwili iliyopita, utazame jina lililo kwenye takwimu. Likiwa ni majina mawili tofauti, muulize aliyeondoka, si aliyebaki, na umuulize kama alilipwa. Karibu niseme la pili, lakini nimeahidi.

Zile gilasi aliziacha. Ziko kabatini, nyuma ya sufuria kubwa. Ile ndefu imemeguka ukingo kidogo, mstari bado unaonekana.

Mama yako